Gauni la Mikono Mirefu

Uvumi ule ulimfikia Mama Pindo asubuhi, kwa mdomo wa dada wa vocha, jirani yake wa mlango wa pili. Dada wa vocha hakuwa na tabia ya kuingia ndani kabisa. Aliegemea mlango, nusu ndani nusu nje, jicho moja kwa anayemsimulia na jingine kwa wateja wasije wakampita.

"Mama Pindo, umezisikia? Mpole anaoa."

"Mpole gani tena?"

"Kwani wako wangapi? Yule mwenye duka la dawa upande wa pili wa mji, anayeongea kama anambembeleza mtoto alale. Kapata msichana wa watu, mwalimu wa chekechea. Na watu wanasema safari hii Mungu kamfuta machozi, maana mke wake wa kwanza alikuwa si mzima." Akazungusha kidole karibu na sikio. "Alikuwa anajigonga mwenyewe ukutani, shoga yangu, halafu akitoka nje anamsingizia mumewe. Mwisho akatoroka na kandambili za bafuni!"

Mama Pindo akacheka. Alicheka vizuri kabisa, mpaka pini aliyokuwa ameibana midomoni ikamdondoka mapajani.

"Kandambili za bafuni!"

"Haki ya Mungu tena. Mwanamume mtulivu vile! Wengine bahati wanaipiga teke." Mteja akaita, dada wa vocha akachomoka.

Kitu ambacho dada wa vocha hakukijua, wala mtaa mzima haukukijua, ni kwamba huyo mke asiye mzima ndiye aliyekuwa amekaa mbele yake. Alipohamia mtaa huu alikuja na cherehani na jina lake, lakini jina lilisahauliwa upesi. Kwa vile alikuwa hodari wa kupinda nguo mpaka uzi usionekane, watu walimwita Mama Pindo, naye akashukuru. Jina jipya lilikuwa kama nyumba mpya.

Alirudi kwenye cherehani. Akashona mstari mmoja, akaufumua. Akashona tena, akafumua. Kilichomkaa rohoni hakikuwa kuolewa kwa huyo msichana. Zilikuwa kandambili. Kandambili zilikuwa za kweli. Alitoka nyumba ile na kandambili za bafuni, na aliyemwona akitoka ni Mpole peke yake. Maana yake uvumi ulitoka kinywani mwake mwenyewe, kwa sauti yake ileile ya chini.

Ukamshika hapo, haukumwachia tena. Alikuwa akipiga pasi, anasikia: alikuwa anajigonga mwenyewe. Anakunywa chai, anasikia: alikuwa si mzima. Mwisho akaanza kujiuliza, kama la kandambili ni kweli, la ukutani je? Huenda kweli nilijigonga. Huenda nimesahau. Mbona hata mimi mwenyewe sijawahi kumwambia mtu yeyote vingine?

Na kweli hakuwahi. Nyumbani kwao aliwaambia waliachana kwa amani kwa sababu hawakujaliwa mtoto. Mama yake mzazi hakuchoka kumpigia simu: "Mwanangu, yule kijana alikukosea nini hasa? Mtu anakusalimia kwa magoti!" Naye hujibu, "Riziki iliisha, mama." Kisha hubadilisha maneno, anauliza habari za mguu wake unaovimba.

Wiki hiyohiyo bibi harusi akaingia dukani.

Alikuja na mama yake, mwanamke mnene mwenye mkoba mkubwa na haraka nyingi. Msichana alikuwa na uso wa duara na kicheko cha karibu, wa wale wanaozoea kuongea na watoto, mikono inaongea kabla ya mdomo. Akatoa simu akaonyesha picha ya mtindo anaoutaka: gauni jeupe, kiuno kimebana, mikono mifupi inayoishia juu kabisa, karibu na bega.

"Dada fundi, nimeambiwa wewe ndiye wewe. Mchumba wangu anapenda vitu nadhifu. Ana duka la dawa upande wa pili wa mji, watu wanamwita Mpole."

Mama Pindo akachukua futi ya kupimia, akaivaa shingoni.

"Hongera," akasema. "Simama wima, mdogo wangu. Tazama mbele."

Kazi ni kazi, ndivyo alivyojiambia. Akapima mabega, kifua, kiuno. Msichana akainua mikono, na mikono ya kishati alichovaa ikapanda. Pale juu, kwenye nyama ya mkono, palikuwa na alama za rangi ya zambarau: kadhaa upande wa nje, moja upande wa ndani, kama za mtu aliyeshika mpini. Na pakanuka. Harufu ya dawa ya kuchua ya kopo la kijani, kali mwanzoni, halafu tamu ya kukera. Harufu ile aliijua kama mtu anavyoijua harufu ya nyumba aliyolelewa.

Macho yaliona, pua ikanusa. Lakini Mama Pindo hakuona wala hakunusa chochote. Aliandika vipimo kwenye karatasi, akamwambia msichana shusha mikono, akamuuliza zipu ikae nyuma au ubavuni. Walipoondoka alifagia vizuri, akaimba hata.

Gauni alilikata kesho yake. Alilikata kama mtu anayetembea usingizini, mkasi unakwenda wenyewe, chaki inachora yenyewe. Alilitia bitana, akaweka lesi kifuani, akapinda pindo mpaka huoni uzi. Alipomaliza alijisifu. Akalitundika na kulifunika shuka.

Siku ya kujaribisha gauni ilianza vibaya. Cherehani ilikuwa inalia kama paka, ikabidi amwite Fundi Mafuta.

Huyo aliitwa hivyo kwa sababu ya kikopo cha mafuta chenye mdomo mrefu alichotembea nacho mfukoni mwa shati, na doa lake lisilotoka. Alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani za mtaa mzima. Ya Mama Pindo aliitengeneza mara nyingi kuliko ilivyoharibika, na kila mtu alijua sababu isipokuwa cherehani yenyewe. Alikuwa amekwisha kumwambia wazi kwamba anataka kumuoa. Mama Pindo alimjibu kwa mzaha, kama alivyojibu kila jambo zito. Kaka yake aliposikia alipiga simu kufoka: "Umeacha mtu mwenye duka la dawa, uje uolewe na mtu mwenye kopo la mafuta?"

"Mama Pindo," Fundi Mafuta alisema asubuhi ile, amepiga magoti kwenye cherehani, "Jumamosi wazee wangu waje au wasije?"

"Waje wamebeba cherehani mpya. Hii umeshaiua kwa mapenzi."

"Mimi siongei na cherehani."

"Mbona ndiyo unayoipigia magoti?"

Akacheka, naye akacheka. Macho yao yakakutana, yakakaa pale zaidi kidogo kuliko ilivyostahili, na Mama Pindo akahisi joto limempanda shingoni. Ilikuwa ni kitambo tangu mtu amtazame bila kumkagua. Akainamisha kichwa, akajitia kutafuta kifungo.

Fundi Mafuta akasimama. Mkanda wa cherehani ulikuwa umetundikwa msumarini, juu ya kichwa cha Mama Pindo. Akanyoosha mkono kuuchukua.

Mama Pindo alianguka chini ya meza. Hakuinama, alianguka, mikono yote miwili imefunika kichwa, magoti yamegusa kidevu. Vifungo vikamwagika sakafuni.

Fundi Mafuta akabaki na mkanda mkononi.

"Mbu," Mama Pindo akasema kutoka chini ya meza, na akacheka. "Mbu mkubwa ajabu."

"Mbu gani wa mchana huu?"

"Nimesema mbu."

"Mama Pindo, nani alikuwa anaku..."

"Toka!" Aliinuka kama moto. "Toka nje na vikopo vyako! Unanuka grisi, umejaza duka langu uchafu, unauliza maswali kama hakimu! Nani kakwambia nataka kuolewa? Wanaume nyote ni walewale!"

Mtu yule alibeba cherehani iliyofumuliwa, akatoka nayo barazani taratibu. "Nikiondoka nayo hivi hutashona," alisema bila kugeuka. "Nitaimalizia hapa nje."

Mama Pindo akapiga magoti kuokota vifungo. Ndipo maneno ya mama mshauri wa zahanati yakamjia, maneno aliyoyadharau zamani. Alikwenda pale kwa ajili ya kukosa usingizi. Yule mama alimtazama weee, kisha akamwambia: "Mtu aliyeumizwa ndani ya nyumba, akili yake humtafutia pa kujificha. Utamkuta anacheka mahali pa kulia. Anamtetea aliyemuumiza. Anamkaripia asiye na kosa, kwa sababu huyo ndiye haogopeshi. Anajilaumu, maana kosa likiwa lake anaona ataweza kulirekebisha. Mambo mengine haoni kabisa, na yako mbele ya macho yake. Si ujinga huo, dada yangu. Ndivyo alivyobaki hai. Ila hatari ikishaisha, akili haiambiwi, inaendelea kujificha."

"Mimi nimekuja kwa ajili ya usingizi tu," alimjibu wakati ule. Akachukua vidonge, hakurudi.

Alikuwa bado anaokota vifungo bibi harusi alipobisha hodi.

"Dada fundi! Mama anakuja nyuma, kapitia mahali. Niko na hamu mpaka sijala."

Mama Pindo akafunga mlango na kushusha pazia, akamvalisha. Zipu ikapanda bila kukwama. Kiuno kikakaa, kifua kikakaa. Msichana akageukia kioo na tabasamu, na tabasamu likamganda usoni.

"Dada fundi."

"Nini? Panabana?"

"Nilisema mikono mifupi."

Mama Pindo akatazama kwenye kioo. Mikono ya gauni ilishuka kutoka begani, ikapita kiwiko, ikafika mpaka kwenye kifundo cha mkono. Ilikuwa na bitana ndani ili isionyeshe ngozi, na vifungo vidogo vya kuibana isije ikapanda mtu akiinua mkono kupunga. Kazi safi kabisa. Aliishona yeye mwenyewe, na sasa alikuwa anaiona kwa mara ya kwanza.

Hakuwahi kukosea mtindo wa mteja tangu aanze kushona. Lakini mikono ya namna ile alikuwa ameishona mara nyingi, kwenye nguo zake mwenyewe, miaka ile. Ya joto, ya baridi, ya kwenda sokoni, ya kwenda kwa mama.

"Samahani, mdogo wangu. Vua, naikata sasa hivi, ni kazi ya..."

"Hapana!" Msichana aliudaka mkono wa gauni kama mtu anayenyang'anywa. "Acha. Acha hivihivi. Afadhali hivi." Akauvuta chini. "Inapendeza hivi."

Wakatazamana kwenye kioo. Hakuna aliyegeuka.

"Ni mlango," bibi harusi akasema.

"Sijakuuliza."

"Mlango wa gari. Ulinibana."

"Mlango una vidole?"

Msichana akacheka. Kicheko kile Mama Pindo alikijua. Yeye mwenyewe alikuwa amekitoa muda mfupi uliopita, chini ya meza.

"Dada fundi nawe una vituko! Alinishika tu. Nilimtania mbele ya rafiki zake, na mimi mdomo wangu huu haujui breki. Kosa langu. Na alivyojuta! Alilia, dada. Wewe umewahi kumwona mwanamume analia? Akachukua dawa akanipaka mwenyewe, taratibu kama mtoto. Ni wangapi wanafanya hivyo?"

"Ya kopo la kijani."

"Eh?"

"Anaanzia kwenye kiwiko, anapanda juu. Akimaliza anapuliza ikauke. Halafu anakuuliza kwa sauti ya chini, 'Unaona unavyonifanya niwe?'"

Rangi ilimtoka msichana usoni. Mikono yake ile inayoongea ikaning'inia, haina la kusema.

"Nani kakwambia?"

Kabla hajajibiwa, mlango ukasukumwa na mama wa bibi harusi akaingia na mkoba wake, anahema. "Bado tu? Tuna ya kufanya mengi. Geuka nikuone." Akamtazama bintiye kutoka juu kwenda chini. "Mbona mikono mirefu? Si ulitaka ile ya..." Macho yake yakaenda juu ya mkono, palepale, yakakaa, yakaondoka. "Imependeza. Ina heshima zaidi. Fundi, funga tuondoke nalo."

"Mama," Mama Pindo akasema, "na wewe umeona."

"Nimeona nini?"

"Ungekuwa hujaona ungelalamikia gauni. Umelipia mtindo mwingine."

"Fundi, shona. Mambo ya watu waachie watu."

Hapo Mama Pindo angeweza kunyamaza. Kila kitu ndani yake kilimwambia anyamaze: atapoteza wateja, mtaa utajua, jina jipya litakufa. Na ule uvumi ukamnong'oneza palepale: wewe si mzima, watakuona si mzima. Akashika ukingo wa meza.

"Mimi ndiye mke wake wa kwanza," akasema.

Mama wa bibi harusi akarudi nyuma hatua. "Yule kichaa?"

"Huyohuyo. Aliyekimbia na kandambili."

"Toba!" Akaukumbatia mkoba. "Mwanangu, vua nguo hiyo. Huyu mwanamke kakutegea! Kakaa hapa kimya anakupimapima mwili, kumbe moyoni ana wivu unamla!"

"Alinipiga."

Neno lilitoka dogo, kavu. Halikuwa limewahi kutoka. Mama Pindo mwenyewe alilisikia kama limesemwa na mtu mwingine, akalirudia ili ajue ni la kwake. "Alinipiga. Sikujigonga ukutani. Alinishika nywele, akanigonga yeye. Nikitoka nje nilisema nimeteleza, nikasema ni kabati, nikasema ni mlango. Sijamsingizia kwa mtu yeyote, mama, hata mama yangu mzazi hajui mpaka leo. Huyo anayesema nilimsingizia, muulizeni alisingiziwa kwa nani."

Bibi harusi alikuwa amesimama katikati na weupe wake wote. "Mama..." alisema.

"Mama nini? Watu wamealikwa! Baba yako amewaambia hadi aliokosana nao. Nikasimame niwaambie nini, fundi wa nguo kasema?" Akamgeukia Mama Pindo, na sauti ikashuka, ikawa karibu ya kuomba. "Kila nyumba ina mambo yake. Wewe hukumweza. Mwanangu ana adabu, atamweza. Atajua pa kunyamazia."

"Hakuna pa kunyamazia, mama. Nilishapatafuta."

"Mimi nampenda," bibi harusi akasema ghafla, na machozi yakamshuka. "Hamumjui nyie. Akiwa na mimi hayuko hivyo. Ni ile siku moja tu." Akavua gauni nyuma ya pazia, anavuta pumzi kwa kwikwi. Mama yake akalikunja vibaya, mkono mmoja unaburuzika, akalisokomeza kwenye mfuko. Wakatoka hawakuaga.

Barazani, Fundi Mafuta alikuwa amechutama na gurudumu la cherehani mikononi. Halikuwa linazunguka.

"Umesikia," Mama Pindo akamwambia.

"Ukuta wenyewe ni mbao, Mama Pindo."

"Basi cheka. Kichaa wa kandambili ndiye mimi."

"Sioni pa kucheka."

Mama Pindo akakaa kwenye kizingiti, mbali naye kidogo. "Asubuhi nimekutukana. Hukunikosea kitu."

"Najua sikukukosea. Nilichokuwa sijui ni nani niliyekuwa nalipia makosa yake." Akafuta gurudumu kwa kitambaa, ingawa lilikuwa safi. "Sasa najua."

"Wazee wako wasije Jumamosi."

Akaweka kitambaa chini. "Kwa sababu ya yule?"

"Kwa sababu yangu. Umenyoosha mkono kuchukua mkanda, nikamwona yeye. Kesho utanyoosha mkono kuchukua chumvi, nitaanguka chini ya meza mbele ya mama yako. Utaishi vipi na mtu wa namna hiyo?"

"Nitakuwa nakwambia kabla. Mama Pindo, nanyoosha mkono. Mama Pindo, nachukua chumvi."

Alitaka kucheka. Alikitafuta kile kicheko chake cha siku zote, kile kinachokuja haraka kufunika kila kitu, akakikosa. Badala yake uso ukamkunjamana, akalia, pale kizingitini, mchana, dada wa vocha akiwa ametoa kichwa kwenye dirisha lake na kusahau kukirudisha. Fundi Mafuta hakumgusa. Mikono aliiweka juu ya magoti yake, mahali ambapo Mama Pindo aliweza kuiona.

"Utachoka," Mama Pindo akasema alipopata sauti.

"Huenda. Lakini niache nichoke mwenyewe, usinichokee."

"Nataka kwanza nirudi kwa yule mama wa zahanati. Nilimdanganya kuwa ni usingizi."

"Nenda."

"Na nimpigie mama. Nimwambie alichonikosea yule kijana wake anayesalimia kwa magoti." Akajifuta kwa pindo la gauni lake. "Wasije Jumamosi. Sijui lini. Usiniulize lini."

"Sijauliza."

Lakini uchungu ulimjaa usoni, hakuuficha, na Mama Pindo akauona. Mapenzi mengine huja wakati mtu ameshabomolewa, halafu anayekuja kwa wema ndiye anayeambiwa asubiri nje. Hakuna haki ndani yake. Ndivyo ilivyo tu.

Viatu vikasikika vinakimbia. Bibi harusi alikuwa anarudi peke yake. Kule barabarani mama yake alikuwa ndani ya gari, dereva anapiga honi.

"Shela langu," alisema, anaepa macho. "Tumelisahau."

Mama Pindo akaingia ndani, akalitoa kwenye msumari, akamkabidhi. Msichana akalipokea lakini hakuondoka. Akajaribu kukaza uso, akaweka kebehi mdomoni kama anavyoweza mtu mwenye macho mekundu.

"Haya basi, wewe unayemjua kuliko mimi. Siku hazirudi nyuma, naolewa. Niambie sasa, niepuke nini?"

Alidhani atapewa matusi, au laana. Mama Pindo akamtazama, akaona hana uwezo wa kumzuia hata kwa kamba. Basi akamwambia polepole, kama anavyomwambia mteja namna ya kufua nguo isiharibike, na kadiri alivyosema ndivyo ile kebehi ilivyomtoka msichana mdomoni.

"Epuka kumpa simu yako akutunzie.

Epuka kuacha kazi yako ya chekechea, hata akisema anakuonea huruma unavyochoka.

Epuka kumsema mama yako mbele yake. Leo ataitikia kwa kichwa, kesho atakukumbusha, mwisho utabaki huna mama.

Epuka kujibu kabla hujaulizwa. Watu wakikuuliza umepatwa na nini, na kusema kweli huwezi, nyamaza. Uwongo ukiusema sana unaanza kuukumbuka kama uliuona.

Epuka kutafuta kosa lako. Utalipata, maana hakuna asiye na kosa, na halitakuwa ndiyo sababu.

Epuka machozi yake kuliko unavyouepuka mkono wake. Mkono unakufukuza, machozi ndiyo yanayokurudisha.

Epuka kuzaa ukidhani mtoto atamtuliza.

Epuka kumwambia kuwa utaondoka. Ondoka kwanza, ndipo useme.

Epuka kuningoja mimi. Nyumba ile siwezi kuikaribia tena, hata kwa ajili yako. Nitafika getini, magoti yatakataa. Hakuna atakayekuja kukutoa. Utatoka kwa miguu yako mwenyewe, mchana, watu wakiona."